Saa Moja na Nusu

Kaka yangu alipenda kupima umbali kwa ndege. "Mama, kutoka Dar mpaka Mwanza ni saa moja na nusu tu," alikuwa akisema kwenye simu. "Nikitaka nakuja kunywa chai na kurudi." Mama, aliyeishi Buseresere na hakuwahi kupanda ndege, alimwamini. Mimi niliyetoka Kambarage, Shinyanga, kwa basi na kubadilisha gari Geita, nilifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Machoni pa mama, mimi ndiye niliyeishi mbali.

Alipougua nikasema nimwite kaka. Akakataa. "Ng'wana wane, mwanangu, yuko karibu. Msimsumbue, atakuja mwenyewe."

Chai hiyo hakuja kuinywa. Mama alifariki.

Baba mdogo, msimamizi wa msiba, alimpigia kaka simu kumuuliza habari za ndege yake. Akarudi kwa waombolezaji na kutangaza: "Ndege ni saa moja na nusu. Mpaka saa sita mtoto atakuwa hapa. Tunazika kesho saa nane."

Kila mtu alielewa saa moja na nusu asubuhi. Mimi pia. Kumbe kaka alikuwa ametaja muda wa kukaa hewani, ule wimbo wake wa siku zote. Ndege yenyewe iliondoka saa sita mchana.

Saa nane kasoro, jeneza likiwa uani, akapiga simu kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. "Nimeshatua!"

"Umetua wapi?" baba mdogo akauliza.

"Mwanza."

Jirani mmoja akacheka kwa pua. "Basi mfungulieni geti."

Bado alikuwa na daraja la kuvuka, kisha Sengerema, Geita yenye bodaboda zisizompisha mtu, halafu Katoro. Niliwaomba wazee wasubiri amwone mama yake uso kwa mara ya mwisho. Mchungaji akasema ana maziko mengine jioni. Baba mdogo hakunitazama. "Alisema saa moja na nusu. Tumempa mpaka saa nane. Tumpe nini tena?"

Tukazika. Sikuimba. Nilimkasirikia baba mdogo kwa kutouliza swali la pili, nikamkasirikia mchungaji na saa yake. Lakini zaidi nilimkasirikia yule aliyegeuza nyumbani kuwa mahali pa kutua, kana kwamba mama alikuwa akiishi uwanjani, kando ya mizigo.

Alifika jua likielekea kushuka, na gari la kukodi, shati lake halina hata mkunjo. Nilimkuta amesimama mbele ya udongo mbichi. Sikumpa shikamoo. Ni mara ya kwanza maishani mwangu.

"Mngenisubiri," akasema. "Nilikuwa njiani."

Nikaanza kukusanya majembe yaliyoachwa kando ya kaburi.

"Aliniulizia? Alisema nini?"

Ningeweza kumpunguzia. Watu msibani hupunguziana. Nikamwambia kama nilivyosikia.

"Alisema usiitwe. Alisema uko karibu."

Akakaa chini palepale kwenye udongo, na suruali yake ile. Karatasi ya uwanja wa ndege ilikuwa bado inaning'inia kwenye mpini wa begi. Nikamwacha, nikaenda kuosha masufuria.