Niliyoyanyamazia Barabarani Ufaransa

Nilikutana na mzee yule kando ya mfereji wa Hayes, London. Cheni ya baiskeli yangu ilikuwa imetoka, mikono imejaa grisi, nami naitukana baiskeli kwa Kiswahili kwa kuwa nilijua hapana atakayenielewa. Nyuma yangu sauti ikasema, "Yakhe, hayo matusi ya Wete kabisa."

Nikageuka. Mhindi mrefu, mvi tupu, juu ya baiskeli nyembamba kama yeye. Alizaliwa Wete, Pemba, nyuma ya duka la nguo la baba yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Aliondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na minne, baada ya Mapinduzi, mie sijazaliwa. Akashuka, akairudisha cheni mahali pake kwa kijiti, bila ya kujichafua hata kidole.

Tangu siku ile tukawa tunaendesha pamoja kila Jumapili. Yeye alikuwa ameshapita sabini, amestaafu kazi ya duka la dawa Hounslow. Mie nilikuwa na hamsini, napakia mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege, na daktari ameshaniambia sukari yangu haitashuka kwa dua peke yake. Mzee alinifundisha kubadilisha gia kabla ya mlima, si katikati yake, na kunywa maji kabla ya kiu. Wanangu hunijibu kwa Kiingereza. Kwa hivyo saa zile chache za Jumapili ndizo nilizozungumza Kiswahili changu chote, na mtu aliyejua mtaani kwetu nani alikuwa akiuza nini.

Ufaransa lilikuwa wazo lake. Njia alishaichora miaka mingi nyuma: meli kutoka Newhaven mpaka Dieppe, kisha siku nne kupita kwenye vijiji vya kale, vile vya kuta za mawe na malango. Mie niliitaka safari ile kuliko ninavyoweza kueleza. Kila nilipopanda ndege katika maisha yangu ya London ilikuwa ni kwenda mazishini.

Ndiyo maana nilinyamaza.

Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, kwenye mzunguko wa magari tunaoupita kila wiki, mzee alisimama katikati ya barabara akauliza, "Sasa tunapita wapi?" Magari yakampigia honi. Nikacheka, nikamwonyesha. Jumapili iliyofuata alinisimulia kisa kimoja mara tatu kabla hatujafika darajani. Siku nyingine aliniita kwa jina la kaka yake, aliyekwishafariki, na hakujisahihisha.

Asubuhi ya safari, mkewe, mtu wa Mombasa, alinivutia ndani ya mlango wakati mzee yuko nje anapima upepo wa tairi.

"Mwanangu, wewe unakaa naye saa nyingi. Hujaona kitu?"

"Kitu gani, mama?"

"Anasahau."

"Sote tunasahau, mama. Mzee yuko imara kunishinda mie."

Kisha akanipa chapati za uwatu alizozifunga kwa karatasi. "Basi nirudishie mtu wangu," akasema.

Siku ya kwanza ilikuwa njema kiasi cha kunifanya niamini uongo wangu. Mzee alitangulia, mgongo umelala juu ya usukani, mie nikimfuata kwa tabu. Barabara ilikuwa tupu, ngano huku na huku, na ng'ombe wanatutazama kama tumechelewa. Vijijini mbao za madirisha zilifungwa mchana kutwa, utadhani wenyewe wamehama. Kila kijiji kilikuwa na jiwe lililochongwa majina ya vijana waliokufa vitani. Mzee alisimama kwenye kila jiwe akayasoma yote kwa sauti. Pahala pamoja majina yalikuwa mengi kuliko nyumba.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, tulipanda kijiji kilichojengwa juu ya kilima, kwa lango la mawe na vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani. Maji yalikuwa yametuishia. Nikamwacha langoni.

"Nisubiri hapa, mzee."

"Nitakwenda wapi?" akanijibu, akicheka.

Niliporudi na chupa, baiskeli yake ilikuwa imelala chini, na kofia yake pembeni. Mwenyewe hayupo. Nilizunguka kijiji kizima mara tatu. Nilimwita, na mawe yakanirudishia sauti yangu. Mwanamke mmoja alifungua dirisha. Nikamwashiria kwa mikono, mtu mrefu, mzee, mwembamba. Akalifunga. Nilichungulia kanisani, nikachungulia makaburini. Mwisho nikateremka mpaka chini ya kilima, kwenye banda la zamani walimokuwa wakifulia wanawake wa kijiji, paa juu, na chini birika la mawe linamopita maji ya kijito.

Mzee alikuwa ndani ya maji, yamemfika magotini. Alikuwa amevua suruali yake na anaisugua juu ya jiwe. Alikuwa amejikojolea.

"Mzee."

Akajikunyata. "Usimwambie baba," akasema. "Naifua sasa hivi. Itakauka."

Nikamwambia mie ni nani. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, na polepole uso wake ukamrudia. Kule kurudi kulikuwa kubaya kuliko kupotea. Alijiona alivyo, akajifunika kwa ile nguo mbichi.

"Hapa wapi?"

"Ufaransa."

Nilimtoa majini, nikamvisha suruali yangu ya akiba na koti langu. Tukakaa ukingoni mwa birika. Mzee akasema, "Weye ulikuwa ukijua."

"Kidogo."

"Mie najua tangu mwaka jana. Usimwambie mke wangu. Akijua, basi tena baiskeli, nami nitawekwa ndani kama kabati. Niapie."

Nikamwapia. Simu yangu ilikuwa na mtandao. Niliitazama kabla ya kuirudisha mfukoni. Ningeweza kumpigia mkewe. Ningeweza kuita teksi ikatupeleka steshini. Badala yake tulilala kwenye nyumba ya wageni, na kwa kuwa mzee alikula vizuri na kunitania kuhusu tumbo langu, nikajihesabia kuwa nimepata ruhusa.

Asubuhi ya tatu tulikuwa tunateremka mlima, yeye mbele. Kule magari hupita kulia, na kwa siku mbili hakukosea hata mara moja. Kwenye njia panda chini ya mlima akakata kona, akashika upande wa kushoto, kama nyumbani.

"Kulia!" nikapiga ukelele. "Mzee, kulia!"

Akanyanyua mkono kama mtu aliyesalimiwa.

Gari lilitokea kwenye kona. Dereva alilikwepesha likagonga ukuta, lakini ubavu wake ulimkumba mzee ukamtupa kwenye mawe. Aliyeshuka alikuwa dada mmoja kijana, na nyuma mtoto wake mchanga analia. Mtoto hakuumia. Yule dada alipiga magoti barabarani akauweka mtandio wake chini ya kichwa cha mzee, akirudia neno moja nililolielewa: alikuwa akiomba msamaha. Aliyepaswa kuomba msamaha nilikuwa mie.

Nyonga ilivunjika. Mkewe alifika kesho yake na binti yao, akanikuta ukumbini hospitali, nguo zangu bado zina damu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujaondoka."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Binti yake akaniambia kwa Kiingereza, kwa adabu, kwamba ingekuwa bora niende. Nilivuka bahari peke yangu na baiskeli mbili.

Mzee hakutembea tena bila ya kushikwa, na kule kulazwa kuliyaharakisha yaliyokuwa yakimjia. Mkewe hakupokea simu zangu miezi minane. Kisha ukaja ujumbe mfupi: ukitaka, njoo Jumapili.

Nilimkuta mzee kitini, amenyolewa vizuri, blanketi magotini. Alinitazama miguu.

"Umekuja kwa ajili ya ile boila ya kupasha nyumba joto?" akauliza kwa Kiingereza.

Nikamtazama mkewe. Hakunisaidia.

"Ndiyo, mzee."

"Vua viatu. Zulia jipya."

Nikavua. Nikapiga magoti mbele ya hita, nikaigusa. Ilikuwa moto.

"Imeharibika sana?"

"La, mzee. Inafanya kazi."

"Wenzako nao walisema hivyo hivyo," akasema, "na nyumba bado baridi."

Mie huenda kwao kila Jumapili. Mara mie fundi, mara mtu wa posta. Mkewe hunifungulia mlango, huniletea chai, na hurudi jikoni kwake. Habari za Ufaransa hatuzitaji.