Jino la Tatu la Debora

Ulimi wa Debora uliaminiwa kuliko mizani. Kwenye shamba la zabibu Makutupora, kichala cha kwanza hakikukatwa mpaka yeye aonje. Akisema bado, watu walirudi nyumbani. Lakini mwaka ule soko huria lilipotumwagia mitumba, hadi makoti ya theluji, Debora alianza kutafuna kwa woga. Kitu kama umeme kilimpiga shavu la kushoto, sekunde chache tu, kikaondoka kama hakimjui.

Wote wakasema jino. Akang'olewa moja, umeme upo. Akang'olewa la pili, upo. Meno mawili yalinyongwa bila kesi kusikilizwa, na Gaudence, msimamizi wa shamba, akaanza kuulizia ulimi mwingine.

Kabla ya kulipeleka la tatu, Debora akafanya kama afanyavyo kwa zabibu: akachunguza. Akapitisha unyoya wa kuku usoni polepole. Kidevuni, kimya. Pembeni mwa pua, umeme. Akaligonga jino lenyewe kwa kijiko: kimya. Mumewe, Lameck, alipomkuta akauliza kama na kuku ameitwa kutoa ushahidi.

Habari hizo akampelekea Anyitike, tabibu wa meno, aliyekwisha kushika koleo. Anyitike akasikiliza, akaliweka chini, akamgusa pembeni mwa pua kwa pamba. Debora akaruka.

"Mama, jino hili halina kosa. Mshipa wa fahamu wa uso ndio unaopiga kelele."

"Na yale mawili?"

Anyitike akachukua kalamu.

Akamwandikia barua kwa daktari wa mjini, naye akatoa vidonge. Debora akavitambua: ndivyo anavyomeza mtoto wa jirani mwenye kifafa. Kijijini kwao mwenye kifafa hachangii bakuli na mtu. Nani angekula zabibu alizoonja yeye? Akauliza mpaka foleni ikaguna. Daktari akaeleza kuwa dawa hiyo hutuliza mishipa ya fahamu, ya mwenye kifafa na ya uso wake vilevile. Aanze kidogo, aongezewe taratibu, asiache ghafla, na akitokwa na vipele arudi mbio.

Kidonge cha kwanza alikimeza shambani, mbele ya wavunaji wote, unyoya mkononi, akawaeleza kila kitu. Waliosogea pembeni walisogea. Wengine wakauomba unyoya, wajaribu.

Wiki ya tatu, uso umefungwa kanga kukinga upepo, alitia zabibu mdomoni upande wa kushoto. Akasubiri. Akatafuna kwa lile jino la tatu, taratibu, Gaudence akimwangalia shavu.

"Bado," akasema. "Rudini Jumatano."

Wakarudi nyumbani.