Bi Vigingi na Ukuta wa Kaskazini

Kila asubuhi mgodi mzima, watu mia mbili na mashine zenye magurudumu ya kimo cha mlango, ulikuwa ukimsubiri mwanamke mmoja mfupi mwenye nyundo na utepe wa chuma wa kupimia. Walimwita Bi Vigingi. Jina lake la kwenye kitambulisho walilijua makarani tu.

Kazi yake ilikuwa kuchunga kuta za shimo. Ukuta unaotaka kuanguka huanza kwa kupasuka juu, kwenye ukingo. Yeye akiona ufa alipigilia kigingi huku na kigingi kule, akapima nafasi kati ya hivyo viwili asubuhi na mchana. Nafasi ikiongezeka, ukuta unatembea. Isipoongezeka, alishika redio na kusema neno moja: "Umelala." Hapo ndipo injini zilipowashwa. Hakuna dereva aliyeingia chini ya ukuta kabla ya neno hilo, hata meneja angekuja kupiga magoti.

Alikuwa ameingia mgodini miaka ishirini na miwili kabla, kufagia ofisi ya mtaalamu wa miamba, akiwa na elimu ya darasa la saba. Alifagia vumbi la mawe huku akiuliza mawe hayo yametoka wapi. Mtaalamu alikuwa mtu wa kujibu. Akamwonyesha kwamba shimo ni kama mkate uliokatwa: juu udongo mwekundu, chini yake mchanga uliogeuka jiwe, kisha jiwe la kijivu linalobanduka kama maganda ya kitunguu, na chini kabisa mkanda wa makaa ya mawe, mweusi unaong'aa, kimo cha watu wawili. Pale zamani palikuwa na bwawa na msitu. Miti iliangukia majini, tope likaifunika kabla haijaoza, uzito wa mamilioni ya miaka ukaishindilia ikawa makaa. Mfagiaji alisikiliza, akaomba kushika ncha ya utepe. Baada ya miaka minne utepe wote ulikuwa wake. Wako watu wenye vyeti vya kujaza ukuta ambao hawajawahi kuuliza swali moja kwa njaa kama ile.

Nyumbani, katika vyumba viwili vilivyopakana na karakana ya mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mezani palikuwa na mawe matatu yenye alama za majani ya kale. Mumewe alizoea kusema, "Wanawake wenzako wanaleta maua ndani, wewe unaleta majani yaliyokufa kabla ya babu wa babu yangu."

"Haya hayahitaji kumwagiwa maji," mkewe humjibu. "Kama wewe tu."

Mwaka ule ufa ulijitokeza juu ya ukuta wa kaskazini, hatua kumi kutoka ukingoni. Msimamizi wa shimo, mwanamume mrefu mwenye haraka, akasimamisha kazi. Bi Vigingi akapigilia vigingi vyake. Meta moja na sentimeta arobaini na mbili. Kesho yake arobaini na mbili. Siku ya nne arobaini na mbili, naye mwenyewe akasema mashine zirudi. Wengine walisita. Akawaambia, "Vigingi vyangu havijawahi kunidanganya." Wakarudi.

Siku ya kumi asubuhi alipima, akapata ile ile, akasema umelala. Chini kule shemeji yake, mdogo wa mumewe, akawasha kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbua na kupakia makaa. Walimwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kufanya kitu chochote taratibu.

Bi Vigingi alikuwa anarudi ofisini alipopita kwenye mfereji wa kuzuia maji ya mvua, nyuma kabisa ya ukingo. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mfereji ule alikuwa amesimamia uchimbaji wake mwenyewe, nao uliteremka kuelekea mashariki. Sasa maji yalikuwa yametuama katikati, mengine yanarudi magharibi polepole.

Alisimama. Maji hayabadilishi njia yake kwa kupenda. Kilichobadilika ni ardhi.

Akaenda kwenye chungu za udongo zilizosukumwa pale na tingatinga, akaanza kufukua kwa kichwa cha nyundo, kisha kwa mikono. Chini ya udongo uliolegea palikuwa na ufa mwingine. Ngumi yake ilizama hadi kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa hatua arobaini nyuma ya ule aliokuwa akiupima.

Vigingi vyake vyote viwili vilikuwa juu ya bonge moja la mlima, na bonge lote lilikuwa linateleza kwa pamoja. Ilikuwa sawa na kupima mwendo wa lori kwa kupima nafasi kati ya dereva na utingo: lori litafika mji wa pili, na nafasi itakuwa ile ile. Siku sita watu walikuwa wamefanya kazi chini ya neno lake, na neno lake lilikuwa bure.

Angeweza kusema hali imebadilika ghafla. Nani angejua? Akashika redio.

"Ukuta wa kaskazini umeamka. Tokeni wote. Nilipima vibaya, kosa ni langu. Tokeni."

Sauti ya Taratibu ikaja inacheka. "Shemeji, nusu saa tu iliyopita ulisema umelala. Nani kauamsha, wewe na nyundo yako?"

"Shuka kwenye kijiko, uje kwa miguu."

Msimamizi akaingilia. "Kijiko hakiachwi pale. Atoke nacho."

"Kijiko kinatembea kama kobe, mzee. Taratibu, nakuambia kama mke wa kaka yako, shuka."

Kisha watu wakaonekana wakipanda njia ya malori, Taratibu nyuma yao, kofia mkononi, akitembea kwa hasira.

Ukuta haukuanguka. Saa nne haukuanguka. Saa sita madereva walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha malori wakimtania. "Bi Vigingi, tulale hapa hapa, labda tutaota makaa." Msimamizi alikuwa akienda na kurudi kama mtu aliyepoteza funguo.

"Siku tisa umeandika kwa mkono wako kwamba hakuna mwendo," akamwambia. "Leo kwa sababu ya maji ya mtaroni nimesimamisha shimo zima. Taratibu, nenda kakichukue kijiko."

Taratibu akainuka. Bi Vigingi hakupaza sauti.

"Njoo kwanza uone, shemeji. Ukishaona, nenda ukitaka."

Akampandisha hadi kwenye ufa wa nyuma. Alikuwa amepigilia vigingi vipya, safari hii kimoja kwenye mwamba wa nyuma usiotikisika, mbali kabisa. Akampa ncha ya utepe ashike mwenyewe, asome mwenyewe. Tangu asubuhi nafasi ilikuwa imeongezeka sentimeta sita.

"Chini ya jiwe la kijivu kuna utando mwembamba wa udongo," akamweleza. "Umeinamia shimoni. Maji yakiufikia unakuwa kama sabuni. Sisi tumeukatia ukuta miguu kwa kuchimba makaa, mvua imeupaka sabuni."

Taratibu alisoma tena, akakunja mikono. "Mwambie msimamizi akakichukue mwenyewe."

Saa nane na dakika chache ukuta ulishuka. Haukulipuka, ulikaa chini, kama mzee anayeketi kwa uchovu, kisha ukaenea. Vumbi lilipotulia kijiko kilionekana shingo tu. Chini hapakuwa na mtu hata mmoja.

Jioni msimamizi, sasa mpole, alileta taarifa asaini. Iliandikwa kwamba vipimo vya kawaida viligundua hatari kwa wakati.

"Si kweli," alisema Bi Vigingi. "Vipimo vilikosea siku tisa. Andika hivyo, na andika kwa nini, na jina langu."

"Watakushusha cheo."

"Mgodi mwingine utapigilia vigingi kama nilivyopigilia mimi. Nao wasipokuwa na mfereji wa kuwaonya?"

Msimamizi akaandika. Kesho yake asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, Bi Vigingi alichukua mkate, akaukata, akachomeka vijiti viwili juu ya kipande kimoja, akakisogeza kipande mezani ili waone kwamba nafasi kati ya vijiti haibadiliki. Alieleza kosa lake bila kulipamba wala kulilia. Dereva mmoja wa lori akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuumiza, "Sasa sisi tutakuamini vipi?"

"Msiniamini," alijibu. "Njooni tupime."

Akafunga kamba za viatu, akaanza kupanda. Taratibu alimfuata wa kwanza, kisha yule dereva aliyeuliza, kisha wawili wengine, wakigombania nani atashika ncha ya utepe.