Tulienda Kaptagat kuposa, wazee wa airforce wakasahau posa wakagombana juu ya mbuzi

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo na simu zenu ziko na chaji.

Nataka kuwaambia kitu kilinipata nikienda kuomba mke. Ni vile ilienda, sijaongeza. Kuna mtu alikuwa hapo siku hiyo na ako member hapa, nikiteleza atanianika kwa comments. Kwa hivyo nimejichunga.

Mimi nauza spea za trekta hapa Eldoret town. Mzee wangu alikuwa airforce, fundi wa injini za ndege. Kwetu ni upande wa Bungoma, lakini alipostaafu alinunua ploti hapa Langas na mpaka leo anatengeneza injini za posho mill, zile za kusaga mahindi.

Ni mtu wa maneno machache. Mnaweza kukaa naye asubuhi yote mkaongea tu kuhusu mvua.

Lakini ndege ikipita, huyo anakuwa mtu mwingine. Anainua kidole, sote tunanyamaza. Anasikiliza, halafu anasema ni ndege gani na ni injini gani inataka kuangaliwa. Kama ni kweli hatujui. Nani ataenda kuuliza?

Stori zake za jeshi tulizikariri tukiwa wadogo. Yenye tulikuwa tunaomba kila Krismasi ni ya mbuzi.

Inaenda hivi.

Walikuwa wamepeleka chakula cha msaada kule kaskazini na Buffalo. Kwa wale hawaijui, Buffalo ni ndege ya mizigo, mlango wake mkubwa uko nyuma na unashuka kama daraja, na inatua mahali wewe ungeogopa kupitisha gari la Probox.

Wazee wa huko wakafurahi, wakawapa mbuzi. Kufunga mizigo ndani ya ndege ilikuwa kazi ya jamaa mmoja alikuwa anaitwa Kamba. Hiyo ni nickname, huko kila mtu alikuwa na yake, jina la nyumbani halikutumika. Kamba akamfunga mbuzi huko nyuma, wakapaa.

Wakiwa juu, rubani akageuka kuitisha chai. Akapata mbuzi amesimama katikati ya viti, anaangalia mbele kwa kioo kama mtu amelipa nauli.

Rubani akashtuka, ndege ikashuka, matumbo yakabaki juu.

Walipotua, mkubwa wa kambi alikuwa pale uwanjani na wageni wake. Mlango ukashuka. Wa kwanza kutoka akawa mbuzi, na kofia ya rubani mdomoni.

Mzee huwa anamalizia hapo: "Na yote ni kwa sababu Kamba hakujua kufunga fundo."

Nimemcheka huyo Kamba maisha yangu yote.

Sasa tuje kwa Chebet.

Chebet ni mwalimu, kwao Kaptagat. Tulijuana dukani, alikuja kununulia baba yake fan belt. Kuhusu huyo baba, Mzee Kosgei, nilijua tu ana ng'ombe wa maziwa na kwamba "alikuwa army kitambo". Wakuu, mtu wa nyumbani akisema army anaweza kumaanisha hata askari wa kanjo, wale wa kufukuza wachuuzi. Sikuuliza zaidi.

Chenye nilijua vizuri ni kwamba mjomba wake alikuwa amemchagulia mtu wa kumwoa tayari, jamaa wa Moiben mwenye shamba la ngano. Chebet aliniambia wazi, "Baba akisema ndiyo, mjomba atanyamaza. Baba akisita, wewe umeisha."

Jumamosi ikafika. Tulienda mimi, mzee, mama, na baba mdogo Simiyu kama msemaji. Simiyu anapenda itifaki kuliko chakula. Njiani alifanya mazoezi ya hotuba mpaka mama akamwomba aangalie miti.

Tukakaribishwa vizuri. Mursik, yale maziwa ya mala ya kibuyu, ikaletwa. Mjomba alikuwa kwenye kona, amekunja mikono.

Simiyu akasimama, akakohoa.

Mzee wangu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia picha ukutani, vijana wa jeshi wamejipanga mbele ya ndege.

"Hiyo ni Buffalo," akasema.

Mzee Kosgei akageuka. "Unaijua?"

"Nimelala chini ya bawa lake nikiwa na mafuta mpaka kwa masikio."

Basi Simiyu akaketi. Nani tena angemsikiliza?

Wazee hao walishikana kwa stori. Mmoja anataja uwanja wa vumbi, mwingine anakumbuka ngamia waliokataa kutoka kwa runway. Mzee Kosgei akaeleza vile upepo wa propela ulibeba mabati ya ofisi ya chifu, na chifu mwenyewe akisaluti akidhani ni sherehe. Mzee wangu akaiga mlio wa injini ikikataa kuwaka kwa baridi. Mama aliniangalia. Hatukuwa tumewahi kumsikia akiongea hivyo mbele ya wageni.

Nikajiambia, kijana, umeoa.

Ndipo Mzee Kosgei akasema, "Sasa ngoja nikuambie ya mbuzi."

Nikamwangalia mzee wangu.

Akaanza. Kaskazini, chakula cha msaada, wazee wamefurahi. Ilikuwa ile ile, isipokuwa kwa yake mbuzi alifungwa vizuri sana, fundo safi, na ndani ya ndege kulikuwa na fundi mmoja mjinga anaitwa Spana, ambaye alimwonea mbuzi huruma akamfungua.

Nyumba yote ilicheka. Watoto wa Mzee Kosgei walikuwa wanasema maneno pamoja naye, kama vile sisi hufanya kwetu. Chebet alikuwa anacheka mpaka akashika mlango.

Kwetu hakuna mtu alicheka.

"Huyo Spana," mzee wangu akasema polepole, "ni mimi."

Mzee Kosgei akaweka kikombe chini. Akavaa miwani, akamwangalia kutoka juu mpaka kwa viatu.

"Spana alikuwa na nywele."

"Na Kamba alikuwa mwembamba," mzee akajibu.



Halafu ikatoka yote. Kumbe walikuwa wanalala chumba kimoja kambini. Baada ya hiyo safari wote wawili walinyimwa cheo, wakapelekwa kambi tofauti. Na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye alimtaja kwa mkubwa ili ajiokoe.

"Ulisema fundo langu ni mbovu," Mzee Kosgei akasema.

"Wewe ulisema nilimfungua. Kwa nini nimfungue mbuzi ndani ya ndege, Kamba? Aende wapi?"

Mama akanong'ona, "Simiyu, sema kitu."

Baba mdogo akasimama. "Waheshimiwa, sisi tulikuja kwa boma hili kwa sababu tuliona ua..."

"Keti, Simiyu," wazee wote wawili wakasema. Na Mzee Kosgei alikuwa amemjua tu hiyo asubuhi.

Mjomba kwa kona akakunjua mikono. Nilimwona akitoa simu, nikajua Moiben inapigiwa.

Mzee Kosgei akainuka. "Hakuna mtu atatukana fundo langu kwa nyumba yangu. Twende nje."

Tukatoka sote. Akaleta mbuzi na kamba ya katani, akamfunga kwa nguzo karibu na shamba dogo la sukuma wiki. Mzee wangu akapiga magoti, akavuta lile fundo kwa nguvu zake zote. Halikusonga.

"Fundo ni nzuri," akakubali. Ilimuuma kusema.

"Kwa hivyo ulimfungua."

"Sikumfungua."

Hapo mbele hakukuwa na njia tena. Kama fundo ni nzuri, mzee wangu ni mwongo mbele ya wakwe. Chebet alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na birika mkononi, hacheki tena. Nilitaka kwenda kumwambia kitu lakini nilikuwa bado mgeni, huwezi tu kuvuka boma la watu.

Viti vikaletwa nje. Wazee wakaketi mbali mbali, kila mmoja anaangalia upande wake. Ukaja ukungu kidogo, ile baridi ya Kaptagat mnaijua. Mzee Kosgei akasema, kama anaongea na hewa, kwamba baridi hii si kitu, kuna siku walilala juu ya magunia ya mahindi. Mzee wangu akasema magunia yalikuwa ya maharagwe. Wakaanza kubishana hiyo pia.

Mama Chebet ndiye alitokea na chakula. Akasimama.

"Na nyinyi mnalinda nini hapo? Mbuzi imekula kamba, saa hii inakula sukuma yangu."

Tukageuka. Fundo lilikuwa bado pale kwa nguzo, safi kabisa. Mbuzi alikuwa katikati ya mboga na kipande cha katani kinaning'inia shingoni.

Mzee wangu akaenda akakishika kile kipande. Kilikuwa kimelowa mate, nyuzi zimetawanyika. Mzee Kosgei akaja akasimama kando yake.

"Katani," akasema.

"Katani, kama siku ile," mzee wangu akasema.

Mzee Kosgei alianza kucheka bila sauti, mabega tu. Kisha mzee wangu. Walicheka mpaka wakashikana, na nikaona hawaachani. Mama aligeuza uso. Mimi nilijifanya naangalia ng'ombe.

Posa? Hiyo haikuguswa tena. Walikula, wakarudi kwa ndege, jioni ikaingia tukapanda gari. Simiyu akauliza, "Kwa hivyo tumekubaliwa ama hatujakubaliwa?"

Hakuna mtu alijua.

Tulirudi tena, na tena. Kila mara wazee wanatoweka nyuma ya boma. Mwishowe mama na Mama Chebet walimaliza maneno yote jikoni wakatuletea tu tarehe. Mjomba alisikia kama sisi wengine.

Leo ni mke wangu. Na mzee anapanda Kaptagat mara nyingi kuliko mimi.

Chenye nilijifunza ni hiki. Kila stori ya kuchekesha kwenu nyumbani iko na mjinga wake. Huyo mjinga ni baba ya mtu mahali fulani, ana boma lake, anaheshimiwa, na huko kwake wewe ndiwe mtoto wa mjinga.

Kwa hivyo wenye wazazi waliokuwa airforce, ama jeshi lolote, karibuni hapa chini. Leteni ile stori mlizoea, na mtuwekee nickname ya yule mnayemcheka.

Na kama ako na binti, mseme mapema.