Kisima Chenye Mayai

Wayua alikuwa hajui kukaa. Kulala alijua kidogo, kusimama alijua sana, lakini kukaa bure, mikono juu ya magoti, ni ufundi ambao Mungu hakumpa. Kibanda chake kilikuwa karibu na soko la mifugo la Kitengela, na kabla ng'ombe wa kwanza hajafika, chai yake ilikuwa imechemka na muthokoi wa mahindi na maharagwe uko motoni. Wazee wa Kimaasai walimwamkia, "Takwenya, kokoo," yaani hujambo, bibi, naye akaitikia, "Iko," huku mkono mmoja unageuza chapati.

Kisha presha ikampanda. Mwaka huo wa 2003 alianguka kando ya jiko, daktari akasema mama apumzike. Mwanawe Mulei, karani wa kiwanda huko Athi River, ndiye aliyetoa hukumu. Alikuwa anakwenda semina Mombasa, akaamua kumchukua mama pamoja na mkewe Nelima, wakapumzike siku moja katika hifadhi tulivu ya ufuoni.

"Siku moja tu, Mama," akasema. "Kazi yako ni kukaa. Ukishindwa, hiyo kibanda tunafunga na unarudi Mwingi. Nelima ataniambia."

Hapo ndipo Wayua alipoogopa. Nelima, mwalimu kutoka Bungoma, alikuwa mtu wa kusema kweli hata matangani.

Hifadhi yenyewe ilikuwa kimya mno. Kulikuwa na mikoko, mchanga mweupe, na ndege wenye miguu mirefu waliotembea kama watu wasio na mume wala soko. Nelima alitandika leso chini ya mvinje, Wayua akakaa. Mara akaona kuni. Ufuo mzima ulijaa kuni kavu zilizotupwa na maji, na hakuna mwenye haja nazo. Roho ilimuuma. Akafumba macho, akaendelea kuziona.

Kumbe mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa haukufungwa vizuri, na mchanga ulikuwa umekunywa yote. Nelima akaenda kutafuta mengine langoni. "Kaa hapo, Mama. Usiguse kitu."

Kiu ilimshika. Na ni nani aliyezaliwa Mwingi akashindwa na kiu mbele ya mchanga? Kwao mto ukikauka watu huchimba visima mchangani, wakavizungushia miiba ng'ombe wasivikanyage. Kisima cha mtu ni cha mtu, lakini mwenye kiu hanyimwi: unaondoa miiba, unakunywa, unairudisha. Na pale juu, mbali na mawimbi, Wayua aliona mahali palipozungushiwa vijiti na miiba kwa ustadi. Moyo ulimtulia. Kumbe hata pwani kulikuwa na watu wenye akili.

Aliondoa miiba, akaanza kuchimba kwa kifuu. Alipofika kiwikoni aligusa kitu cha mviringo. Akafukua polepole. Yalikuwa mayai, meupe, mengi, yamelala pamoja. Wayua akawaza: anayeficha mayai kisimani ni mchawi, au ni bahili aliyekubuhu.

"Mama, unafanya nini?" Askari wa hifadhi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Natafuta maji, mwanangu. Lakini hii kisima iko na mayai."

Askari alishika kichwa. Akamweleza kwamba hicho ni kiota cha kasa, kobe wa baharini, na kwamba ua uliwekwa ili watu wasichimbe. Wayua alitamani mchanga ummeze. "Nimevunja?" akauliza, kwa maana hata yeye alikuwa mama.

Hakuvunja hata moja. Lakini askari alisema lazima waende ofisini. Nelima akatokea na maji, akasikia lafudhi ya askari, akamsalimu kwa Kibukusu, lugha ya kwao Bungoma. Jina la askari lilikuwa Nalianya. Wawili hao walizungumza kwa muda, wakitikisa vichwa, na Wayua hakuambulia neno.

Mwishowe Nalianya aliacha habari ya ofisi, akafukia mayai mwenyewe, akarudisha miiba. "Kenge wananusa mchanga uliochimbwa," akamwambia Wayua. "Utalinda mpaka jioni. Usichimbe, usiinuke. Kaa tu."

Basi Wayua akakaa. Hii sasa ilikuwa kazi, na kazi aliiweza. Kaa mmoja alijitokeza mchangani, Wayua akamtazama kwa lile jicho alilowakazia wateja wanaonawia maji ya chai, kaa akarudi shimoni. Upepo ukavuma. Kwa mara ya kwanza aliiona bahari vizuri, akashangaa kwamba ilikuwepo siku zote. Pumzi ikashuka. Akasinzia.

Usiku huo Mulei aliuliza, "Alikaa?"

Wayua alitazama sakafu. Nelima alikunja leso polepole.

"Alikaa," akasema. "Mpaka jioni, mahali pamoja. Kuna askari shahidi."

Kibanda hakikufungwa. Ila nyuma yake Wayua alipanga miiba ya mgunga kwa duara, kigoda katikati, na kila alasiri aliingia humo akakaa. Mteja akipaza sauti akitaka chai, wenzake walimnyamazisha: "Ngoja. Kokoo analinda mayai."

Siku moja Nelima alipita akitoka shuleni, viatu mkononi, uso umechoka. Wayua alimwona kutoka kigodani. Aliondoa miiba, akasogea, akampisha mkaza mwanawe kwenye kigoda, kisha akairudisha.