Nilivyomhoji dalali wa mbuzi Kiamaiko nikaangusha unit nzima

Wakuu, natumai mko poa. Hii ni stori ya miaka ya tisini na ilinipata mimi mwenyewe, si "rafiki yangu mmoja". Chumvi siongezi, sioni hata pa kuiweka.

Tulikuwa tunaishi Huruma, Nairobi, ghorofa ya tatu. Baba alikuwa mtu wa reli, mathe anauza omena, wale dagaa, pale chini kwa mlango. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa diploma ya biashara, chuo fulani town.

Madam wetu wa Marketing, tumwite Madam Wanza, akatupa kazi. Tafuta mtu aliye kwa biashara zaidi ya miaka kumi, mhoji, halafu uonyeshe anachofanya kinakubaliana wapi na notes na kinapishana wapi.

Hiyo kazi ndiyo ilikuwa mtihani. Ukianguka, unarudia unit mwaka unaofuata na unalipa upya. Na baba alikuwa ameshasema, kwake hakuna kitu kinaitwa kurudia.

Wenzangu wenye wajomba walihoji mameneja wa benki. Mimi nilienda kampuni moja Industrial Area, dada wa reception akaniambia rudi kesho. Nikarudi. Rudi kesho. Siku ya nne nikaachana naye.

Ndio nikamkumbuka Mzee Guyo.

Mzee Guyo alikuwa dalali wa mbuzi Kiamaiko, soko la mbuzi hapo tu jirani na kwetu. Mborana, mrefu, maneno machache. Watu wakileta mbuzi kutoka Isiolo na Marsabit, yeye ndiye anawaunganisha na wenye bucha. Baba alikuwa ananunua kwake mbuzi wa Krismasi, kwa hivyo nilijua hawezi kunifukuza.

Nilifika asubuhi na shati jeupe, tai, viatu nimepiga rangi mpaka vinang'aa. Tuliambiwa tuvae kama watu wa ofisi. Wanaojua Kiamaiko wanajua viatu vilikaa safi dakika ngapi.

Swali la kwanza: mission statement yako ni gani?

"Ati nini?"

Nikamwambia, yaani lengo la biashara.

"Mbuzi waishe kabla ya adhuhuri."

Nikaandika. Nilimpa swali la washindani, akanionyesha kwa kidevu dalali mwingine amesimama hatua tano kutoka kwetu. "Yule. Jana tulikula pamoja." Nikaandika pia.

Kisha tukafika kwa bei, na hapo ndipo kulikuwa na maksi nyingi.

Sasa, kwa asiyejua. Pale bei haisemwi kwa mdomo. Dalali na mnunuzi wanashikana mkono, wanafunika kwa shuka, halafu wanabonyezana vidole. Kidole hiki maana yake hivi, ukishika viwili maana yake vile. Watu wamewazunguka, kila mtu anaangalia, hakuna anayejua kitu. Wakielewana wanaachana mikono, mbuzi wanaenda.

Siku hiyo Mzee Guyo alikuwa anauza mbuzi wa mama mmoja wa Isiolo, Mama Halima. Kama arobaini hivi. Mama amekaa juu ya debe, anangoja, kwa sababu lori lililomleta lilikuwa linarudi mchana huo huo na lazima arudi nalo.

Mwenye bucha wa kwanza akaja, customer wa kila siku. Wakafunika mikono, wakamalizana, akachukua mbuzi sita.

Nikamuuliza mzee, kwa nini mnaficha? Akasema huyu anakuja kila siku, mvua ikinyesha anakuja, kwa hivyo anapata yake. Wale wengine wanakuja siku wakijisikia, nao wana yao.

Wakuu, nilifurahi! Hiyo ilikuwa kwa notes zangu, imeandikwa kabisa, price discrimination, yaani kitu kimoja, kila mteja na bei yake. Nikamwomba anionyeshe vile wamebonyezana. Akaniangalia kidogo, akachukua mkono wangu, akafunika na shuka, akabonyeza. Akaninong'oneza kila kidole ni ngapi.

Nikaelewa. Na hapa ndipo elimu iliniponza.

Madam alikuwa ametufundisha kwamba ukihoji mtu, rudia jibu lake kwa sauti ili mhakikishe mmeelewana. Confirm with the respondent. Nilikuwa nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Basi nikarudia. Kwa sauti nzuri ya darasani, nikataja bei, nikamuuliza, "Ni sawa?"

Hiyo bei hata hapa siiandiki.

Wenye bucha wengine walikuwa wamesimama hapo hapo wakingoja zamu. Mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Aa, kumbe! Basi na sisi tupatie hiyo."

Mzee Guyo hakupayuka. Alitoa mkono wake kwa shuka polepole. Mama Halima akauliza, "Huyu kijana ni wa nani?"

Mzee akamjibu, "Ni wangu."

Kisha akaniambia, "Wafula, nenda nyumbani."

Kesho yake nilirudi kuomba msamaha. Mbuzi wote thelathini na kitu walikuwa wameenda kwa ile bei ya chini ya customer wa kila siku. Mama hangeweza kungoja, lori lilikuwa linapiga honi. Nilisikia aibu, acha tu. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Andika yote unayotaka. Bei usiandike."

Nikaahidi.

Report nikapeleka ikatypewa River Road, kurasa kumi na mbili. Kwa sehemu ya bei nikaeleza mikono, shuka, customer wa kila siku na wa kubahatisha. Namba hakuna hata moja.

Madam akaniita ofisini. "Wafula, bei ziko wapi?"

"Siwezi kuandika, Madam. Niliahidi."

"Uliahidi nani? Dalali wa mbuzi?"

"Ndio, Madam."

"Nitajuaje hukukaa nyumbani ukatunga? Jaza mbili tu, tumalize."

Akanisukumia biro. Kusema kweli niliishika. Nilimfikiria baba. Nikairudisha mezani.

Nilianguka. Baba hakunisemesha wiki mbili, na ile ada ya kurudia niliitafuta mwenyewe, vibarua vya kupakia maboksi godown.

Lakini kabla ya vibarua nilienda Kiamaiko. Nikiwa mkweli, nilienda nikitembea kama shujaa. Nikamweleza Mzee Guyo vile nimekataa biro, vile nimeanguka, yote kwa sababu ya neno lake.

Alikuwa anakagua meno ya mbuzi. Akamaliza, akajifuta mikono.

"Hiyo bei umemnyima mwalimu peke yake," akasema. "Soko lote ulishalipatia."

Akaniagizia chai na maziwa mengi, tukanywa, akarudi kwa mbuzi zake.

Mwaka uliofuata nilirudia, nikamhoji mwenye duka la hardware, nikapita. Leo kazi yangu ni kununua vitu kwa niaba ya kampuni, na kila wiki nakaa na watu wananiambia bei zao. Nilichojifunza ni kidogo: kuna jibu la kuandika, kuna la kukaa nalo, na darasani hawakunionyesha tofauti. Mama Halima sikumwona tena. Yeye ndiye nilifaa kumwomba msamaha, na nilimwendea mzee kwa sababu mzee alikuwa karibu.

Haya, uwanja ni wenu. Waliosoma biashara enzi hizo, mlihoji nani na alisemaje? Na wale walimu mko humu, semeni bila kunionea huruma: Madam alikosea, ama nilistahili?