Mchimba Visima na Kaburi la Mke Wangu

Mchimba visima wetu hapa Bumula hashuki shimoni kabla ya kudondosha kijiwe na kusikiliza kikigonga chini. Mikono yake ina nyufa za udongo mwekundu ambao sabuni imeshindwa kuutoa, na hata mezani huongea kwa sauti kubwa, kama mtu aliyezoea kuita kutoka chini. Juzi watoto wangu walimleta ajengee kaburi la mama yao kwa saruji. Nilikataa. Tangu tumzike nilikuwa nikiwaza udongo unavyomlemea.

Hakubishana. Alichuchumaa kaburini, akasugua udongo kwa vidole. “Mzee, nilichimbia mwalimu wa sayansi kisima. Nikamuuliza, nikichimba bila kuacha, si nitalemewa? Akasema ati katikati kabisa ya dunia mtu hana uzito. Udongo wa huku unakuvuta, wa kule unakuvuta, unabaki tu hapo kama unyoya.”

“Mama Bramwel yuko futi sita tu.”

“Si ameanza safari, mzee.”

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikamwambia achanganye saruji. Alipoanza kuimwaga, sikugeuza uso.